Siku moja maishani mwangu: tangi la matumbawe, na swali la umeme ukikatika

Saa kumi na nusu alfajiri

Sala imekwisha, chai bado iko jikoni. Nakaa mbele ya tangi langu dogo la lita 300, taa zake hazijawaka, nasikiliza. Fundi wa matangi huanza kazi kwa sikio: pampu nzima ina mvumo mmoja usiobadilika, pampu iliyoota chokaa ndani hukwaruza. Leo shwari. Joto 25.6, chumvi 35 kwa elfu. Namwaga kikombe cha skima, chombo kinachopuliza viputo vidogo ndani ya maji ili uchafu unate kwenye povu na kutoka kabla haujaoza. Maji yake meusi yananuka, nami nafurahi, maana uchafu uliomo kikombeni haumo tena tangini.

Kazi yangu ni kufunga matangi ya maji ya bahari majumbani, hapa Maskati. Leo Jumatatu nina nyumba moja tu, ila ni kubwa kuliko zote nilizopata tangu nije Omani: tangi la urefu wa sentimita 240, upana 75, kimo 70. Ukilijaza mpaka ukingoni ni lita 1,260. Mwenyewe ni mzee aliyezaliwa Malindi, Unguja, akahamia huku miaka ya sabini. Mimi pia ni wa Unguja, kwa hiyo namwita Ami. Wiki iliyopita alinipigia simu kwa furaha kunambia taa ameshanunua, bado tangi. Nilimwomba kwa adabu asinunue kitu kingine mpaka nifike.

Saa moja asubuhi

Niko njiani kwenda Sib. Mwezi wa sita huu, jua halijapanda vizuri na kipimo cha gari kinasoma 34. Vyombo vya kwangu: futikamba, pimamaji, kipimo cha TDS (kinaonyesha chumvichumvi na madini yaliyoyeyuka majini), gundi ya karatasi ya wapaka rangi, ule utepe unaonata, daftari.

Saa moja u nusu

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Pita, pita. Kahawa kwanza."

Kahawa kwanza, tende kwanza, habari za nyumbani kwanza. Kisha tukapanda ghorofani. Ami alikuwa na goti bovu, akawa anapumzika kila baada ya ngazi nne. Juu kuna majlisi yenye madirisha marefu, na kwa mbali bahari. Akanionyesha ukuta. "Hapa. Mtu akikaa aone bahari mbili."

Nilielewa alichokitaka. Alishanisimulia walivyokuwa wakienda Bawe kwa ngalawa, wakitumbukia kutazama matumbawe bila miwani, macho yakiwaka kwa chumvi. Wajukuu zake wamezaliwa huku, na bahari ya Unguja wanaijua kwa picha. Lakini nilikuwa na hesabu mfukoni, na hesabu haina haya.

Maji yatakayokaa tangini ni kama lita 1,170, na maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya kisima, basi hizo ni kilo 1,200. Kioo cha milimita 19 kwa tangi la vipimo hivi kinakaribia kilo 300. Weka mawe kilo 60, meza ya chuma, tangi la chini na maji yake. Jumla si chini ya kilo 1,900, zote juu ya eneo la mita ya mraba 1.8. Ni zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba, wakati sakafu za nyumba kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200. Watu wanaokusanyika kwenye harusi hufika na kuondoka. Tangi halisogei, linakandamiza usiku na mchana kwa miaka.

"Ami, juu hapa sitakufungia," nilimwambia. "Labda mhandisi wa majengo aikague sakafu na kuandika kwa mkono wake."

Alinyamaza. Aliangalia dirisha, akaangalia ukuta. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akasema, "Na wewe kwa goti hilo, mara ngapi kwa siku utapanda kuwatazama?"

Tukashuka.

Chini, karibu na jiko, kuna chumba ambacho Ami hukaa kila jioni. Sakafu ni zege iliyomwagwa juu ya ardhi. Nyuma ya ukuta ni uwanja. Bomba la maji machafu liko hatua tatu. Niliweka pimamaji sakafuni: sentimita 240 zile zinashuka milimita 6. Kioo hakipendi hivyo. Uzito wote ungeegemea kona moja na gundi ya silikoni ingevutwa mpaka ichoke. Itabidi mwashi asawazishe. Kisha nikapiga magoti na gundi ya karatasi, nikachora mstatili wa tangi sakafuni, 240 kwa 75, na nafasi ya sentimita 15 nyuma kwa ajili ya mabomba. Mkono usioingia nyuma ya tangi leo, hautaingia siku bomba litakapovuja.

Ami alitazama mstatili ule muda mrefu. "Kubwa," akasema taratibu.

Saa tatu u nusu

Sasa swali langu. Ndilo nimuulizalo kila mteja, na ndilo ninalopangia vyombo vyote: umeme ukikatika, nini kitatokea?

Ami alinijibu kwamba hapa umeme haukatiki. Kweli, ni nadra. Lakini mimi nilikuwa Unguja Desemba 2009, umeme ulipokatika kisiwa kizima na kurudi Machi 2010. Miezi mitatu tuliishi kwa jenereta na ndoo. Siwezi kukitazama chombo chenye plagi bila kukiuliza kitafanya nini kikizimika, na, jambo ambalo watu hulisahau, kitafanya nini kikikwama kikiwa kinawaka.

Chukua hita. Majira ya baridi Maskati usiku hupoa, na hita inahitajika. Duka litakuuzia moja ya wati 600. Mimi nafunga mbili za wati 300. Moja ikifa, ya pili inashikilia. Moja ikikwama inawaka, haina nguvu ya kuwapika samaki kabla hujagundua. Vivyo hivyo pampu za kuchezesha maji. Matumbawe magumu yanataka maji yapite kwa nguvu, kama mara 30 ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani hapa karibu lita 35,000. Pampu mbili kubwa zingetosha. Naandika nne za wastani, mbili kwenye sakiti hii na mbili kwenye ile, kila sakiti na kikata umeme chake cha miliampia 30 kinachoruka umeme ukivujia majini. Kimoja kikiruka usiku wa manane, nusu ya tangi bado inapumua.

Maana kinachoua kwanza umeme ukikatika ni pumzi. Maji yakitulia, oksijeni inaisha ndani ya saa chache, na tangi lenye samaki wengi halisubiri. Ndiyo maana pampu mbili kati ya nne ni za umeme wa betri, wati 25 kila moja. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili usiiue, inazisukuma saa 12.

Kisha Ami akanitolea taa. Sita, bado zimo kwenye maboksi. Ni nzuri, lakini tangi hili linataka nne, na matumbawe laini aliyonitajia mwanzoni yangeungua chini ya sita kwa nguvu yote. Muuzaji hakumuuliza hata anataka kufuga nini. Lilinichoma kidogo moyoni, maana fedha hizo zilitosha mashine ya kupoza maji. Mbili tukakubaliana azirudishe, kama risiti bado anayo. Anayo.

Saa nne u nusu

Jikoni, napima maji ya mfereji. Maji ya Maskati kwa sehemu kubwa hutoka baharini yakaondolewa chumvi, kwa hiyo kipimo changu kinasoma 140 tu. Watu huona maji safi hivyo wakauliza mashine ya RO, ile inayochuja maji kwa utando mwembamba, ni ya nini. Ya shaba. Maji yakilala kwenye vali na viungo vya mabomba hubeba chembe za shaba, na shaba kiasi kidogo sana ambacho sisi hatukihisi huua kamba, konokono na matumbawe yenyewe. Mashine inabaki kwenye orodha, na maji yatoke yakisoma sufuri.

Saa sita mchana

Dukani kidogo, viungo vya bomba na koki. Nampigia mwashi. Sheria ya hapa hairuhusu kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti, na kazi ya uwanjani ipo: kibao cha zege cha mashine ya kupoza. Nitaiweka nje kivulini, mabomba yapenye ukutani. Mashine hiyo haifuti joto, inalihamisha tu. Ukiifungia kabatini chini ya tangi italipiga joto kabati lake yenyewe.

Saa nane mchana

Chumba changu, feni, daftari. Saa hii naipenda.

Naanza na joto. Maji lita 1,300 na ushei, ya tangi la juu na la chini pamoja, ukiyatia joto la taa na pampu, wati 700, na joto lisipate pa kutokea, yanapanda digrii moja kila baada ya saa mbili na robo hivi. Asubuhi 26, jioni matumbawe yako hatarini. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda Bahari ya Hindi nzima na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe, kwa sababu vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyalisha vilitoka. Sitaki kuona weupe ule chumbani mwa Ami. Mashine ya nguvu ya farasi nusu, na king'ora cha simu maji yakifika 27.5.

Halafu naingia kwenye hesabu ambayo siku moja niliiruka.

Chini ya tangi kuna tangi jingine, tunaliita sampu. Maji yanashuka humo kwa mabomba, yanasafishwa, pampu inayarudisha juu. Pampu ikizimika, maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike chini ya midomo ya mabomba, na yanaweza hata kunyonywa kinyume kupitia bomba la kurudishia. Tangi langu la kwanza la kulipwa lilikuwa la sentimita 180 kwa 60. Mdomo wa bomba la kurudishia niliuzamisha sentimita 12, kwa kuwa ulipendeza hivyo. Umeme ulikatika dakika 20. Zilinyonywa lita 130, sampu ilikuwa na nafasi ya 40. Lita 90 za maji ya chumvi zikaingia kwenye zulia la watu. Nililipa zulia kwa miezi minne, na familia ile ilinitendea upole ambao sijausahau.

Basi kwa Ami: midomo iwe sentimita 2.5 tu chini ya uso wa maji. Sentimita hizo kwa tangi hili ni lita 45. Mabomba na kisanduku cha kushushia, 20. Jumla 65. Sampu ya sentimita 120 kwa 60, maji yakitembea kwenye kimo cha 25, ina nafasi ya lita 165 kabla ya kufika ukingoni. Naongeza na ajali ya pili. Maji huvukia, lita 12 hadi 15 kwa siku, chumvi inabaki, na kipo chombo kinachojaza maji matamu chenyewe. Kikikwama wazi kitamwaga yote. Kwa hiyo hakiungwi na bomba la nyumba kamwe. Kina tangi lake la lita 40. Zikimwagika zote, chumvi inashuka kutoka 35 hadi 34, samaki hawatajua. Na 65 na 40 ni 105. Sampu inabeba ajali zote mbili kwa usiku mmoja. Nikapiga mstari chini ya 105 mara mbili.

Mabomba ya kushushia ni matatu. La kwanza limejaa maji na halina sauti, la pili linapokea kidogo, la tatu ni kavu siku zote na linasubiri konokono aliyeziba la kwanza.

Saa kumi na moja jioni

Simu na Ami. Anataka samaki aitwaye kangaja wa buluu. Nikamweleza kwamba kangaja anahitaji masafa ya kuogelea, na sentimita 240 zinamtosha mmoja, ila awe wa mwisho kuingia, si wa kwanza. Kwanza maji, chumvi kilo 48, mawe, kisha wiki nne hadi sita za kungoja bakteria wazoee kugeuza amonia. Matumbawe nitamletea yaliyokuzwa kwa vipande kwenye mashamba, na karatasi za CITES mkononi, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa sababu matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha yake. Ya Bawe yabaki Bawe.

"Mpaka samaki wa kwanza ni lini, mwanangu?"

"Mwezi wa kumi, Ami, inshallah."

Akapumua. "Nimengoja zaidi ya hapo."

Saa tatu usiku

Orodha imekamilika, kurasa tatu. Inaanza na zege na nyaya, inaishia na samaki. Nikaituma. Baada ya robo saa ikaja picha: mstatili wangu wa gundi ya karatasi, na wajukuu wawili wamelala ndani yake na mito yao. Chini yake ujumbe wa sauti, Ami ananong'ona asiwaamshe: "Nimewaambia humo mna maji, hawasikii."

Nikamwandikia kwamba mwashi atafika kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakali, na gundi ile asiiondoe.