Maji ya Udhu Yametoka Mbali

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wiki hii tuitazame aya ya 18 ya Surat Al-Muuminun. Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ameteremsha maji kwa kiasi, akayatuliza ardhini, na kwamba ana uwezo wa kuyaondoa. Hilo la mwisho sisi wa Mombasa hatuhitaji tafsiri. Mfereji ukikauka siku mbili, mtaa mzima unamtafuta mwenye mkokoteni wa mitungi. Kule kutulizwa ardhini ndiko tunakokupita mbio.

Sehemu ya maji tunayotumia hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, yakaja kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Mvua yake hunyesha kwenye vilima vya Chyulu. Huko miamba ya volkano ina matundu mengi hata maji hayakai juu kuwa mto. Huzama, yakachujika chini kwa chini, na inakadiriwa hupita miaka 25 hivi kabla ya kuibuka. Basi kijana anayetia udhu leo huenda anatumia mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa. Riziki yake ilikuwa njiani.

Pale Mzima pana viboko. Usiku hutoka kula nyasi, mchana hurudi majini na kunya humo humo (mniwie radhi, ndivyo ilivyo). Kinyesi hicho hulisha konokono na wadudu wa majini, hao wakaliwa na samaki, na samaki wana mamba na ndege wanaowangojea. Nyasi za nchi kavu zimekuwa samaki! Tangu nilijue hilo, nasita kukiita kiumbe chochote uchafu mtupu.

Maji machafu yetu tunayoyamwaga kisiwani mengi huishia kwenye hori za Tudor au Kilindini. Mikoko hunyonya rutuba iliyomo, ikaangusha majani, kaa wakayakokota mashimoni wayale. Lakini mikoko nayo ina kiasi chake, na vyoo vya mitaa mizima tunavyovielekeza huko vimekipita.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja cha maji. Sisi tunafungua mfereji kisha tunaanza kuamkiana. Wasimamizi wa misikiti nao wafikirie: maji ya udhu hayana haja ya kuingia shimo moja na ya choo. Yaelekezwe kwenye mwarobaini wa uani, mti uyanywe na kuyarudisha hewani kupitia majani yake, nasi tupate kivuli baada ya laasiri. Mafundi wa bomba mtaani hawakosekani.