Mkono uko wapi

Maneno ya Jaduong', mzee wetu wa brashi, hayajanitoka. Wiki imekwenda na makubwa yake, ayie ya mdogo wangu, ile sherehe ya kuomba ridhaa ya ndoa, imepita salama na mkataba wa ukuta wa Nakuru umetiwa saini, lakini mimi bado nimesimama kwenye ukuta wa poshomili kule Kondele, Kisumu, ambapo mashine yangu ya kupuliza rangi imeandika jina, namsikia.

"Nyathina, mwanangu, na mkono wako uko wapi hapa?"

Nikamjibu: "Jaduong', mashine imefuata mchoro wangu. Nimeuchora mwenyewe kwenye tableti, mstari kwa mstari."

"Mchoro nimeuona. Nimeuliza mkono."

Akagusa kwa kidole mwanzo wa ile K, akagusa na mwanzo wa S, akaaga. Mnaomfahamu mnajua hasemi jambo mara mbili. Mtu ameandika majina ya maduka ya Kibuye kwa brashi tangu sijazaliwa, akikuuliza swali kama hilo, unalala nalo.

Usiku nimekuwa nikimjibu kichwani. Ningemwambia kwamba mashine yenyewe ni kazi ya mikono. Mota mbili za hatua, zinazozunguka kidogo kidogo kwa kipimo, zimefungwa pembe za juu za ukuta, mita 4 kati yake, kila moja inavuta mkanda wa meno, na kopo la rangi linaning'inia katikati kama ndoo kisimani. Jino la mkanda ni milimita 2, gurudumu lina meno 20, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 40. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko na draiva, kifaa kinachoiendesha, inaigawa kila hatua mara 16, unapata hatua 80 kwa milimita. Urefu wa kila mkanda ni hesabu ya Pythagoras ileile ya shuleni. Ukilipandisha kopo karibu na usawa wa mota, mikanda inakaribia kulala mlalo, mvuto unapanda kupita kiasi na mota inaruka hatua, herufi zote zinazofuata zinahama. Ndiyo maana robo ya juu naichora kwa ngazi.

Halafu sevo, mota ndogo inayobonyeza kepu, yaani mdomo wa kopo unaotoa rangi. Inavuta umeme kwa pupa. Ukiilisha kutoka kwenye bodi ya Arduino, ile inayoongoza mashine, volti zinashuka na bodi inajiwasha upya katikati ya neno. Ipe umeme wake wa pembeni, kisha unganisha nyaya hasi za pande zote mbili, la sivyo itatetemeka ovyo. Fremu nayo inataka uzito chini na magurudumu madogo ya kuishikilia sentimita 10 kutoka kwenye plasta, maana kopo likipuliza hujisukuma nyuma kidogo, na upepo wa ziwa unamalizia. Wazo la asili ni la Jürg Lehni na Uli Franke, waliotengeneza Hektor mwaka 2002, mashine ya kupuliza rangi inayoingia kwenye sanduku la safari.

Au ningemsimulia habari za Tempt One, mwandishi wa kuta wa Los Angeles aliyepatwa na ALS, ugonjwa unaozima karibu misuli yote ya mwili kidogo kidogo, ingawa ya macho mara nyingi hubaki. Mwaka 2009 kikundi cha wasanii cha Graffiti Research Lab na wenzao walimtengenezea EyeWriter: miwani ya bei ya chini, kamera ndogo ya PlayStation, taa za infraredi, na programu inayofuata mboni ya jicho. Akachora kwa macho akiwa kitandani, na mchoro ukaangazwa kwa projekta kwenye ukuta wa jengo. Pale mkono uko wapi, Jaduong'? Nani angethubutu kusema ile si kazi yake?

Majibu mazuri hayo. Nimeyapanga na kuyapangua, nikaongeza sauti hapa, nikapunguza ukali pale, na bado hasira haikuisha.

Leo mchana nimerudi Kondele kufungua mota, nikasimama pale alipogusa. Pana tone. K inaanza na tone nene, S inaanza na tone lililoshuka mchirizi, na jina zima liko hivyo: kila mwanzo umevimba. Mkono wa mtu huanza kutembea kabla ya kubonyeza, na huachia kabla haujasimama. Mashine inafika, inasimama, inabonyeza, ndipo inaondoka. Rangi ya muda ule wote inatua mahali pamoja. Macho ya Jaduong' yalikwenda moja kwa moja pale ambapo mkono ungekuwepo.

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, mama wa poshomili akanichungulia.

Hesabu yake hii hapa, anayejenga ya kwake aichukue. Sevo na vali kwa pamoja huchelewa kama sekunde 0.2. Kopo likienda milimita 120 kwa sekunde, rangi inatokea milimita 24 baada ya amri. Basi kopo lianze kutembea milimita 80 kabla ya herufi, amri ya kubonyeza itoke milimita 24 kabla ya mstari, na ya kuachia milimita 24 kabla ya mwisho. Weka kepu nyembamba. Kwa mwendo huo kepu nene inamwaga tu.

Lakini hiyo inaondoa tone, haileti mkono. Faili niliyoipa mashine ina umbo peke yake. Wale wa Graffiti Research Lab na wenzao walikuwa na faili ya GML, ambayo kila nukta ya mstari inabeba mahali pake na pia wakati wake, kwa hiyo unajua mwandishi alikimbia wapi, alisita wapi. Nimempigia Jaduong' nikamwomba anikubalie nimpige video ya kifundo cha mkono akiandika, fremu 60 kwa sekunde, nipate mwendo wake.

Akanyamaza kidogo. "Nije na brashi au na kopo?"

"Vyote, Jaduong'."

Nakuru basi mashine itajaza rangi za ndani, mistari ya pembezoni tutapiga kwa mkono. Kule asubuhi ni baridi na kopo linakosa nguvu. Tutayaweka makopo kwenye maji ya uvuguvugu, maji yasifike nyuzi 50 hata kidogo. Plasta ya ukuta ule ni mpya, nimemwambia mwenye ukuta asubiri siku 28 ikauke, amekubali shingo upande.

Mama anakohoa tangu ayie. Anasema ni moshi wa kupikia wageni. Leo kwenye simu alikuwa akikatiza maneno avute pumzi, halafu anageuza mazungumzo, ananiuliza kama nimekula. Hospitali hataki mpaka mahindi yaanuliwe. Mwenye kumjua daktari mzuri wa kifua Siaya mjini, anitumie namba usiku huu.