Jumapili ya Novemba na wazee wa Keya

Saa kumi alfajiri. Chai ya rangi, kisha koti. Nilistaafu jeshini nikiwa sajini, na tai ya chama bado naifunga gizani bila kioo. Mimi ni katibu wa tawi letu la wanajeshi wastaafu hapa Machakos. Mshahara hakuna, na simu haizimwi. Leo ni Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Wazee wa Keya ni wale waliotumikia King's African Rifles, jeshi la Mwingereza hapa Afrika Mashariki kabla ya uhuru.

Saa kumi na moja na nusu. Gari la kukodi limefika, ila dereva hajaweka mafuta. Mzee wetu yuko nje ya lango lake, kwenye kiti cha plastiki, medali kifuani. Amepita miaka mia. Mwaka 1944 alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw kule Burma, Myanmar ya leo, mvua haikatiki na malaria inaangusha watu.

"Koplo, wewe nachelewa," ananiambia kwa Kikeya chake, Kiswahili cha kambini. Amenishusha cheo tena.

"Nisamehe, afande."

Saa tano kamili. Makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Tarumbeta, kisha dakika mbili za kimya. Mashada yanawekwa kwa zamu, mabalozi mbele. Mimi macho yangu huenda kwa majina ya askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikapigwa torpido tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu wapatao 1,300. Hao angalau wamechongewa majina. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la mtaa wa Kariokor, wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi haya ilikiri hivyo yenyewe, ikaomba radhi.

Saa saba. Mzee hakubali kurudi kabla ya kuwasalimu "wale watatu" wa Kenyatta Avenue. Sanamu hizo zimesimama pale tangu 1928, na mmoja wao hana bunduki: ni mpagazi. Maandishi ya chini yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kijana mmoja akaomba kupiga picha na medali. Mzee akakubali, akamdai soda. Alinunuliwa.

Saa tisa na nusu. Baada ya kumfikisha mzee kwake, ndipo kazi yangu hasa ikaanza. Kuweka shada ni dakika moja, fomu ya mjane ni miezi.

Leo ni ya susu mmoja, yaani bibi kwa Kikamba, ambaye marehemu mumewe alikuwa Keya. Ipo jumuiya iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1921, ambayo kupitia vyama kama chetu huwasaidia waliotumikia jeshi la Mwingereza kabla ya uhuru, na wajane wao, wapate walau milo miwili kwa siku. Lakini lazima kuwe na ushahidi, na cheti chake cha kuachishwa jeshi kililiwa na mchwa.

Ananiletea medali ya mumewe, nyota ya Burma, iliyofungwa kwenye leso. Naipindua huku na huku nikijua nitakachokuta. Medali za Vita vya Kwanza zilichongwa jina na namba ukingoni. Nyota hizi za Vita vya Pili kwa kawaida hazina kitu. Ukiiokota barabarani huwezi kujua ni ya nani.

"Kwa hivyo wanasema hakwenda?" ananiuliza.

"Hapana, susu. Wanasema tuonyeshe namba yake ya jeshi."

Nje, jirani anachota maji kwenye tangi tulilomfungia susu mwezi uliopita, wastaafu watatu waliokuwa mafundi jeshini. Sasa nyumba nne zinategemea tangi hilo. Hiyo haikuhitaji fomu.

Saa kumi na mbili kasoro. Nimeshaaga, nimeinama kuvaa viatu, nikaona sanduku la bati chini ya kitanda. Askari wa zamani waliandika namba zao kwenye masanduku ili yasipotee melini. Nikaomba tulivute. Rangi imebabuka, lakini kwa tochi ya simu tarakimu zikatokea moja moja, na nyuma yake herufi ya kwanza ya jina.

Nikapiga picha tatu. Nilipotaka kulifungua tuangalie na ndani, susu akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Taratibu. Humo mna maharagwe ya mbegu."