Siku moja maishani mwangu: Jumatatu kando ya mfereji, Bretagne

Saa 12:00 asubuhi
Nje giza totoro. Sisi tuliozaliwa jirani na ikweta tumezoea jua lichomoze saa hizi. Huku Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, katikati ya Septemba unalisubiri mpaka karibu saa 2.

Niko jikoni nachoma chapati. Ukiniuliza hatari kubwa ya kuendesha baiskeli mashambani Ufaransa kwenye njia zisizo na magari, sitakutajia mvua wala mbwa. Nitakutajia Jumatatu. Duka la mikate limefungwa, duka la vyakula limefungwa, mgahawa viti viko juu ya meza. Unaweza kupita vijiji vitatu na hela yako mfukoni usipate hata biskuti. Kwa hiyo Jumatatu wageni wangu wanakula chapati, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Saa 1:30 asubuhi
Karakana. Mimi ni fundi na mwongozaji wa wageni katika kampuni ndogo ya kukodisha baiskeli hapa Pontivy. Naanza na upepo wa tairi, maana hapo ndipo siku inapoharibikia. Njia yetu haina lami, wala si udongo mtupu: ni mchanga na kokoto laini zilizoshindiliwa, wenyewe wanaita *stabilisé*. Tairi zetu zina upana wa milimita 40, hazina tyubu, na ndani zina maji mazito yanayoziba tundu dogo kabla hujajua limetoboka. Mtu wa kilo 75 namjazia bar 2.5 (bar ni kipimo cha upepo), basi. Lakini hawakosekani wageni wanaoichukua pampu nikigeuka na kujaza mpaka kidole hakibonyei. Kufika kilomita ya kumi viganja vinawauma, wanaanza kuilaumu njia.

Leo ni watano. Wanne wamekodi, na mzee mmoja wa Kibelgiji mstaafu amekuja na baiskeli yake yenye tyubu. Nimeziona zile tairi nyembamba nikanyamaza, nikaongeza kiraka na solusheni kwenye begi.

Saa 3:00 asubuhi
Tunaondoka. Mwenzangu, kijana wa Bukavu, anatangulia na gari la mizigo kwa barabara ya magari, tutaonana kwenye mji mdogo wa Rohan. Mpaka Josselin tunakolala ni kama kilomita 50.

Mwanzoni mwa njia kuna kibao cha bluu. Sheria ya barabara ya Ufaransa inazitambua njia hizi, *voies vertes*, tangu 2004: watembea kwa miguu, baiskeli, na mara nyingi farasi. Pikipiki marufuku. Gari pekee unaloweza kukutana nalo ni la wafanyakazi wa mfereji, nalo linakwenda polepole.

Saa 4:30 asubuhi
Hapa ndipo ninapoongea sana, kwa sababu wageni hudhani utulivu huu umekuja wenyewe. Haukuja wenyewe. Njia hii ni mabaki ya mradi wa vita. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeizingira bandari ya Brest, Napoleon akataka mizigo ifike kule kwa kupitia bara. Uchimbaji ukaanza 1811. Mfereji wa Nantes hadi Brest, kilomita zipatazo 360, ukakamilika 1842, Napoleon mwenyewe ameshakufa zamani. Pontivy iliwahi hata kuitwa Napoléonville. Kule Glomel, magharibi zaidi, wafungwa ndio walioupasua mlima kwa sururu.

Baadaye reli ikaja, mashua zikakosa mizigo. Bwawa la Guerlédan, lililomalizika 1930, likaukata mfereji vipande viwili. Biashara ikafa, njia ikabaki. Nayo ni tambarare kwa sababu moja tu: farasi, na mara nyingi watu wenyewe, walitembea humu wakivuta mashua kwa kamba. Hakuna mhandisi ambaye angewapandisha kilima.

Panapopanda ni penye malango ya maji. Lango ni chumba cha mawe chenye milango pande mbili: mashua inaingia, maji yanajazwa au yanapunguzwa, inapanda au kushuka. Kati ya Pontivy na Rohan yako zaidi ya 50, mengine yamefuatana hata hujapumua. Kila lango lina kijimwinuko chake, mita chache tu, lakini miguu inahesabu. Mzee wa Kibelgiji ananipita pale akicheka.

Saa 6:15 mchana
Hacheki tena. Pancha, tairi la nyuma.

Msimu wenyewe ndio huu. Wakulima hawaruhusiwi kukata uzio wa miti tangu katikati ya Machi hadi katikati ya Agosti, ndege wapate kulea makinda. Zuio likiisha mashine zinaingia, na miiba inamwagika njiani. Nazungusha tairi taratibu, napapasa kwa ndani, naupata: mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele. Mzee anataka abadilishe tyubu, hii aitupe. Namwambia, "Baba, kaa chini dakika kumi." Msasa, solusheni, nasubiri ikauke (hapo ndipo wengi wanakosa subira), kiraka, nagandamiza kwa kidole gumba. Ananiuliza nimejifunzia wapi. Shinyanga, chini ya mwembe, kwenye baiskeli za Phoenix zinazobeba gunia mbili za mkaa. Wenzake wameutumia muda huo kuchuma matunda meusi ya miiba kwenye uzio, midomo imekuwa zambarau.

Mmoja anauliza kama Afrika Mashariki nako kuna michezo hii. Namtajia Migration Gravel Race, mashindano ya baiskeli kwenye njia za vumbi kule Maasai Mara, Kenya, yaliyoanza 2021. Anaandika kwenye simu.

Saa 8:00 mchana
Rohan. Kijana wangu ananipokea mikono mitupu: "Mukubwa, hakuna mukate. Leo ni Jumatatu."

Najua. Tunafungua chapati, mayai ya kuchemsha, na siagi ya chumvi, maana huku siagi isiyo na chumvi ni ya wagonjwa. Maji yameisha, nawapeleka makaburini. Ndiyo, makaburini. Karibu kila kijiji Ufaransa kina bomba pale, la kumwagilia maua, na kama hakuna kibao cha *eau non potable*, yaani maji hayafai kunywa, waendesha baiskeli hujaza chupa. Mwanzoni nilisita, nikatoa salamu kwa wenyeji wa pale, nikachota. Mpaka leo nasalimia kwanza.

Saa 10:30 jioni
Kati ya Rohan na Josselin sina la kusimulia: korongo mmoja, mdiria aliyepita kwa kasi, wavuvi wawili. Kisha minara mitatu ya ngome ya Josselin inatokea juu ya mto Oust. Ukoo wa Rohan ungali unaimiliki. Wageni wanapiga picha, mimi natazama cheni: unga mweupe wa njia umeganda kwenye kila pingili.

Saa 12:30 jioni
Kuosha. Brashi, ndoo, maji ya kawaida. Mashine ya maji ya kasi siitaki, inasukuma mchanga kwenye bearingi. Nakausha, natia oili tone kwa tone, nafuta ya ziada. Ukiiacha inanata vumbi, na kesho una msasa badala ya cheni.

Saa 2:30 usiku
Kesho tunahamia kwenye reli ya zamani ya Mauron hadi Questembert, inayopita Ploërmel; mataruma yaling'olewa, sasa ni njia ya baiskeli. Nimempigia mwenzangu: asubiri Ploërmel saa 6 mchana, aje na tyubu mbili za mzee, na mapema apitie duka la mikate.