Fundi wa Sinza ukimpeleka Kigamboni

Nasimamia nyumba za kupanga za familia hapa Dar es Salaam: Kigamboni, Sinza, na vyumba vichache Goba. Mama aliniachia daftari moja la matengenezo kwa zote. Halikufaa popote zaidi ya Sinza.

Kigamboni adui ni chumvi. Upepo wa bahari unakula bawaba, grili, misumari ya bati, mpaka skrubu za taa za nje. Rangi ya mafuta ambayo Sinza inakaa miaka, kule inabanduka upesi na chini yake unakuta kutu imeshatamalaki. Siku hizi namsimamia fundi mwenyewe: asugue kutu yote kwa msasa, apake kwanza rangi ya kuzuia kutu, ndipo ya juu. Akiruka hatua hiyo, hela imeliwa. Maji ya kisima chetu nayo yana chumvi, kwa hiyo koki nimeweka za plastiki. Hazina sura, lakini zinadumu.

Sinza ni choo tu. Watu wengi, kiwanja kidogo, shimo linajaa haraka. Gari la majitaka naliita Februari, kabla ya masika, maana Aprili kila mwenye nyumba analitafuta na bei inapaa.

Goba mlimani mvua inachimba msingi, na maji ya bomba yanapanda kwa kubembelezwa. Tumejenga mfereji nyuma ya nyumba, tenki liko chini na pampu inasukuma juu. (Wapangaji wa Goba wanalipa kwa wakati. Wa Sinza, nawasalimu jamani.)

Mwenye fundi bomba wa uhakika Goba anitumie namba.