Node haisomi .env ikiwashwa na systemd: jinsi nilivyotatua

Imekubali jamani, naandika ili mwingine asikeshe.

Ni programu ya oda ya duka la jumla Kariakoo, imeandikwa kwa Node.js na inasoma mipangilio kwenye faili la .env kupitia dotenv, kifurushi cha kusomea faili hilo. Nikiiwasha kwa mkono, safi kabisa. Ikiwashwa na systemd (mfumo wa Linux unaowasha na kusimamia huduma) baada ya umeme kurudi, inagoma: ECONNREFUSED 127.0.0.1:5432. Yaani inatafuta hifadhidata humo humo kwenye seva, wakati ipo mashine nyingine.

Nilibadili ruhusa za faili, nikasakinisha vifurushi upya, nikakagua nywila herufi kwa herufi. Wapi!

Kilichofungua njia ni mstari mmoja juu kabisa ya programu: console.log(process.cwd()), unaoonyesha folda ambayo mchakato unafanyia kazi. Kwa mkono ulitoa /srv/oda. Kwa systemd ulitoa / peke yake. Kumbe dotenv haitafuti .env pembeni ya programu, inaitafuta kwenye folda ambayo mchakato umeanzia, na systemd isipoelekezwa huanzia kwenye mzizi. Faili lisipopatikana programu haisimami, inaendelea na anwani ya kawaida ya Postgres (hifadhidata yetu), localhost, yaani seva hiyo hiyo.

Kwenye faili la huduma, chini ya [Service], niliongeza WorkingDirectory=/srv/oda. Kisha systemctl daemon-reload, halafu ndiyo restart. Ukiruka hiyo ya kwanza, systemd inabaki na maelezo ya zamani.

Nimeweka pia ukaguzi: DB_HOST (anwani ya hifadhidata) ikikosekana, programu isimame papo hapo na itaje kinachokosekana.