Mabeseni Mawili na Gololi za Chuma

Kwenye orodha ya vifaa vya utafiti wangu nilikuwa nimeandika: mabeseni mawili, sabuni ya kipande, kamba ya kuanikia, mama fua mmoja. Msimamizi wangu alisoma mpaka hapo, akavua miwani.

"Huyu naye ni kifaa?"

Nilikunja karatasi zangu nikaondoka.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili, ubunifu wa mitindo na nguo, masomo ambayo kwetu Kondele, mjini Kisumu, hayajawahi kueleweka. Shangazi yangu aliniuliza mbele ya wageni, "Kwani kushona nako kuna digrii ya pili? Si ulishajua kushona?" Nilijua, ndiyo. Nilikuwa nimeshona miaka tisa kwenye kibanda kando ya barabara ya Kakamega, na mkono wangu haukuwa na shida. Shida ilikuwa majoho 24 ya kwaya.

Yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee, kola nyeupe. Jumapili ya kwanza wanakwaya walipendeza mpaka mchungaji akaniombea baraka hadharani. Yakafuliwa mara moja tu, kola zote 24 zikawa waridi. Mwenye duka la vitambaa akasema ni sabuni. Mweka hazina wa kwaya akasema ni fundi. Mimi nikasema ni kitambaa. Mwishowe nilibandua kola zote nikanunua nyeupe nyingine kwa hela yangu. Hela ziliniuma, lakini usiku nilikuwa nikiwaza kwamba kati yetu watatu hakuna aliyekuwa na ushahidi wa lolote. Tulikuwa tunapigana kwa sauti tu. Mwenye sauti ndogo akalipa.

Basi nikaingia darasani kutafuta hicho kitu.

Muhula wa kwanza nitaupita haraka, kwa sababu ulikuwa wa takwimu na mbinu za utafiti, na sipendi kuukumbuka. Tulikuwa saba. Mmoja alitaka kuandika juu ya ususi wa magugu maji, yale yanayofunga Ziwa Victoria mpaka mashua za Dunga zinashindwa kutoka, na tulimwonea wivu maana malighafi yake ilikuwa inamfuata mlangoni. Kitu nilichokipata muhula ule ni swali moja la msimamizi, ambalo aliniuliza kila nilipofungua mdomo: "Umejuaje?" Kitambaa hiki ni kizuri. Umejuaje? Wateja hawaipendi rangi hii. Umejuaje? Fundi aliyezoea kuaminiwa jicho lake anachoka na swali hilo. Nilimchukia kwa miezi mitatu hivi.

Niliamua kuandika juu ya uimara wa rangi, na hasa rangi za mimea kwenye pamba, maana wateja wangu wengine walishaanza kuziulizia. Kabla ya rangi unahitaji kitambaa, na hapo ndipo nilipofukuzwa dukani mara ya kwanza maishani. Nilitaka marikani, pamba tupu isiyotiwa dawa. (Jina lenyewe ni historia: kitambaa hicho kilikuwa kikifika pwani yetu kutoka viwanda vya Marekani karne ya 19, na watu wakakiita kwa jina la kilikotoka.) Duka la kwanza Oginga Odinga Street nililetewa jora, nikaambiwa pamba asilimia mia. Nikachomoa nyuzi mbili nikawasha kiberiti pale mlangoni. Pamba ikiungua hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Hii ilijikunja, ikadondosha tone jeusi, tone likapoa likawa gumu kama shanga. Poliesta. Mwenye duka hakuuliza nimejuaje. Aliniuliza kama nataka kumchomea duka.

Naandika haya nikikumbuka kwamba mji huu ulikuwa na kiwanda cha nguo cha KICOMI, na mitambo yake ikifuma pamba papa hapa Kisumu mpaka ilipokufa miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na nguo za nje zikamiminika. Leo ukitaka kiwanda cha nguo kinachopumua upande huu unapanda hadi Eldoret, kwa Rivatex, ambacho nacho kilikuwa kimelala hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua 2007. Kitambaa changu hatimaye nilikipata duka la nne. Jivu lilikuwa jivu.

Rangi ilitoka soko la Kibuye. Wauza vitunguu pale hufagia maganda jioni na kuyatupa, nikaenda na gunia nikaomba. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mganga wangu anayatumia kutibu au kuroga. Wiki ya tatu gunia likawa na bei: shilingi hamsini.

Kuipaka pamba rangi ya maganda si kuichovya tu, na hapa naomba mnivumilie maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Pamba mbichi ina nta. Unaichemsha na magadi saa nzima, maji yanageuka kama chai ya mkandaa, ndipo kitambaa kinakubali kunywa. Kisha unahitaji kitu cha kushikisha rangi. Shabu hushika vizuri kwenye sufu, lakini pamba na shabu haziafikiani sana, kwa hiyo unatanguliza magome yenye tanini. Mimi nilitumia magome ya miwati, ile miti iliyopandwa sana upande wa Eldoret kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Miwati kwanza, shabu pili, maganda mwisho. Kilichotoka kwenye sufuria kilikuwa manjano ya dhahabu ambayo sijawahi kuiona kwenye jora lolote mjini. Kundi la pili, badala ya shabu niliweka chuma, na rangi ikatulia ikawa kijivu cha zeituni, kama maji ya ziwa asubuhi ya mawingu.

Chuma hicho mwanzoni kilikuwa misumari yenye kutu niliyoiloweka kwenye siki. "Kiasi gani?" msimamizi akauliza. Kiasi cha misumari, nikasema. Baada ya wiki chache kipande kimoja kilipasuka mkononi mwangu kama gazeti lililolowa. Chuma kikizidi hula pamba polepole, na mimi nilikuwa nimekilisha bila kupima. Nikarudia yote upya na feri salfeti ya kununua, asilimia mbili ya uzito wa kitambaa, kwenye mizani ya kupimia dhahabu niliyoazima. Mwezi mzima ulipotea hapo. Pia ndio mwezi nilioiuza mashine yangu ya ovaloki ili nilipe karo, ikabidi niwe naazima ya jirani wakati wa chakula cha mchana, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Vipande vilipokuwa tayari nikapanda matatu ya Kapsabet kwenda Eldoret, kwenye maabara. Mashine yenyewe ya kupimia uimara wa rangi ni ya kupendeza. Unashona kipande chako pamoja na utepe mwembamba uliofumwa kwa nyuzi sita zilizopangana: asetati, pamba, nailoni, poliesta, akriliki na sufu. Utepe huo ni shahidi: rangi ikikimbia, utaona imekimbilia kwa nani. Unavitia kwenye kikopo cha chuma pamoja na maji ya sabuni, gramu tano kwa lita, na kwa vipimo vingine unaongeza gololi za chuma zinazogongagonga nguo kama mikono. Vikopo vinazunguka dakika 30 kwenye nyuzijoto 40. Kisha unalinganisha kwa kipimo cha kijivu, yaani kadi yenye jozi za vipande vya kijivu, kutoka 1 mpaka 5. Tano maana yake rangi haijasogea. Moja maana yake ilishahama nyumba.

Nilipokishika kile kipimo mara ya kwanza nilikumbuka zile kola. Kumbe kulikuwa na namba ya ule waridi, na yeyote kati yetu watatu angeweza kuidai kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Manjano yangu ilipata 4. Kijivu 4. Nilirudi Kisumu nikiimba.

Kisha mama fua akaharibu kila kitu.

Ni mama wa makamo anayefua kwenye ploti yetu, na alikuwa ameiona ile manjano kwenye kamba akaipenda. Nikamshonea kitambaa cha kichwa. Baada ya mwezi nilimkuta amekifunga, nikadhani ni kingine: rangi ya maziwa yaliyolala. "Nyathina," yaani mwanangu, akaniambia kwa upole, kama mtu anayekupa habari za msiba, "nguo yako haipendi maji."

Namba yangu 4 ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa inajibu swali la watu wengine. Mashine ile ilikuwa inaosha kwa utaratibu: maji ya moto kiasi, sabuni iliyopimwa, muda uliopimwa. Kwetu nguo huloweshwa usiku kucha, hupakwa sabuni ya kipande moja kwa moja, husuguliwa ngumi juu ya ngumi, hukamuliwa mpaka ilie, kisha huanikwa kwenye jua la ikweta. Nasema ikweta kwa maana halisi; mstari wenyewe unapita Maseno, mwendo wa nusu saa hivi kutoka mjini. Ndipo nilipoandika ile orodha yenye mabeseni.

Hoja ya msimamizi ilikuwa nzito na sitaki kuidharau. Mkono wa mtu haurudiwi. Mtafiti wa Nairobi au wa India akitaka kuhakiki kazi yangu, atamtoa wapi mama fua wangu? Mashine ina faida moja kubwa, kwamba haina siku mbaya.

Jibu nilikutana nalo Kibuye, kwenye mitumba, nikitafuta blauzi. Nilikuwa nageuzageuza lebo kama kawaida yangu nikaona alama niliyoiona maelfu ya mara bila kuiangalia. Beseni. Alama ya kimataifa ya kufua nguo ni beseni, yenye namba ya joto ndani yake. Na ipo nyingine, beseni lenye mkono uliotumbukizwa, yaani ifuliwe kwa mkono, maji yasizidi nyuzijoto 40. Nilinunua blauzi tatu zenye lebo hiyo nikazipeleka kwenye kikao cha kutetea pendekezo langu. Nikazitandaza mezani. Nikawaambia wataalamu waliokaa pale kwamba mkono umo kwenye lebo za dunia nzima, na mimi naomba tu kuupima.

Mmoja alicheka. Msimamizi wangu hakucheka, akaandika kitu. Tukakubaliana: vipimo vya maabara vifanyike kama vilivyo, na vya mkono vifanyike kando, kwa masharti. Sabuni ipimwe kwa gramu. Maji lita tano. Wafuaji wawe wawili ili tuone wanatofautiana kiasi gani. Misuguo ihesabiwe.

Hilo la mwisho nusura livunje utafiti. "Ukinihesabia nitasahau kuosha," mama fua alisema, na kweli, kila nilipohesabu kwa sauti mkono wake ulikuwa unakwenda kama wa askari. Nikaacha. Nikawa namrekodi kwa simu na kuhesabu usiku, peke yangu, nikitazama mikono. Nimetazama mikono hiyo kwa saa nyingi kuliko nilivyotazama filamu yoyote. Anasugua kwa kisigino cha kiganja, si kwa vidole, na akifika kwenye mshono hupunguza nguvu bila kufikiri. Mfuaji wa pili, kijana, alikuwa hapunguzi. Tofauti yao niliiandikia kurasa sita, na ndizo kurasa pekee ambazo mtahini wa nje alisema amezisoma mara mbili.

Baada ya mifuo 20 manjano ilishuka mpaka 2. Kijivu cha chuma kilibaki kati ya 3 na 4, mikononi mwa wote wawili. Upande wa jua niliweka vipande chini ya kioo cha dirisha juu ya paa, pembeni yake ile kadi ya vipande vinane vya sufu ya buluu, ambapo cha kwanza hupauka upesi na cha nane hukaa. Manjano iliaga pamoja na vile vya mwanzo kabisa. Kwa hiyo rangi niliyoipenda ndiyo isiyokaa, na rangi inayokaa ndiyo ile ambayo ukikosea kipimo chake kitambaa chenyewe kinaliwa. Hayo ndiyo matokeo. Nilitamani yawe mazuri zaidi.

Sasa nikinunua kitambaa cha kwaya nakata kipande, nakishona na kitambaa cheupe, nampelekea mama fua kwanza. Mwenye duka ananiona msumbufu. Ananiuzia hata hivyo.

Tasnifu ilipotoka kwa mfunga vitabu, jalada gumu, vipande halisi vya nguo vimebandikwa ndani, nilimpelekea mama fua aione kabla sijaipeleka maktaba. Aliifungua katikati, akapita maneno yote mpaka kwenye vipande. Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akasugua manjano, akakitazama kidole. Akasugua kijivu, akakitazama tena. Kisha akaifunga, akaifuta jalada kwa leso yake.

"Mwambie mwenye maktaba," akasema, "asikiweke karibu na dirisha."